Leza, Setilaiti au Kengele ya Jikoni: Kipimo Gani cha Gesi Kitufae Malindi?

Ami yangu anafuga ng'ombe wa maziwa kando ya barabara ya Gongoni, na nyuma ya zizi ana mtambo wa bayogesi anaopikia yeye na majirani wawili. Rafiki yangu ni katibu wa kikundi cha vijana wanaochambua taka jaani. Shemeji yangu anasimamia mitambo katika kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Marereni. Wote watatu wamekutana na matangazo ya kampuni changa za ng'ambo zinazotengeneza vihisi vya leza vya kupima gesi zinazoipasha dunia joto, na wote wameniuliza swali lile lile: tuchukue?

Mimi ni fundi wa vyombo vya kupimia. Nimempa kila mmoja jibu tofauti, na naandika hapa kwa sababu najua wapo wengine pwani hii wanaoulizwa watoe fedha kwa kitu ambacho hawajaelezwa sawasawa.

Gesi yenyewe hasa ni methani. Hutoka kwenye samadi, kwenye taka zinazooza bila hewa, kwenye maji machafu ya machinjio, na huko kwenye visima vya mafuta na gesi. Haina rangi wala harufu. Ule uvundo wa yai viza unaousikia penye shimo la samadi ni wa gesi ya salfa inayoandamana nayo, kwa hiyo pua si shahidi wa kutegemea: mtambo unaweza kunuka ukiwa mzima, na unaweza kuvuja usinuke. Kilo moja ya methani, ikihesabiwa kwa miaka 20, hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Lakini haikai angani muda mrefu, hudumu kama miaka 12 tu. Ndiyo maana anayeziba uvujaji leo huona faida yake ndani ya umri wake mwenyewe.

Leza inafanya nini hasa

Kila gesi ina rangi zake za mwanga inazozimeza. Methani humeza mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa maikromita 1.65 hivi, ambao jicho letu haliuoni. Chombo kinarusha mwali wa leza wa rangi hiyo hasa, mwali unagonga kioo cha kurudishia mwanga kilichosimamishwa upande wa pili wa uwanja, unarejea, na chombo kinapima kiasi kilichomezwa njiani. Kwa kuwa rangi imechaguliwa kwa usahihi mkubwa, leza haidanganywi na marashi, moshi wa mafuta ya taa wala spiriti.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotezwa. Namba unayopata si kiasi cha gesi mahali pamoja. Ni jumla ya gesi yote iliyokuwa kwenye njia ya mwali, na huandikwa kwa sehemu kwa milioni zilizozidishwa kwa mita. Hewa safi ya kawaida duniani ina methani karibu sehemu 2 kwa milioni. Kwa hiyo ukirusha mwali wa mita 100 katika uwanja usio na kitu, chombo kitaandika karibu 200, na hapo hakuna kinachovuja. Nimemwona mtu mzima akishtuka na 200 hiyo. Ukipata 500 kwenye njia hiyo hiyo, basi 300 ndizo zilizoletwa na jaa au zizi.

Na hata hizo 300 bado si kilo. Ili ujue ni kilo ngapi zinatoka kwa saa, lazima ujue upepo ulikuwa unavuma kwa kasi gani na kutoka wapi. Upepo wa mita 2 kwa sekunde ukipanda kuwa mita 4, ziada unayoisoma hushuka karibu nusu, na jaa linatoa kiasi kile kile. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia, gesi hutuama chini na namba hupanda sana. Saa tisa alasiri, upepo wa bahari umeshika, namba hushuka. Muuzaji akikuonyesha kipimo cha asubuhi cha kabla ya kuziba na kipimo cha alasiri cha baada ya kuziba, muulize upepo ulikuwaje.

Kwa jambo hili Malindi tumebarikiwa. Kusi huvuma miezi mingi kutoka kusini, kaskazi hufuata kuanzia Desemba hadi Machi, na kila msimu una mwelekeo wake unaoeleweka. Nchi nyingi za bara hazina upepo wenye tabia kama wetu. Mwali ukiwekwa ukikata njia ya upepo, chini ya upepo ukitoka jaani, na mwali wa pili juu ya upepo wa kulinganishia, utapata kipimo safi kwa wiki nyingi mfululizo. Msimu ukigeuka, miali hiyo miwili hubadilishana kazi. Kipindi cha kuhangaika ni matlai, upepo unapozungukazunguka. Namba za wiki hizo mimi ningezitenga kabisa.

Kampuni changa, na tofauti inayotuhusu

Ukisoma matangazo yao utadhani wote wanauza kitu kimoja. Hapana.

LongPath Technologies ya Boulder, Colorado, inatumia kile wanasayansi wanachokiita kitana cha masafa: leza moja yenye maelfu ya rangi zilizopangwa kama meno ya kitana. Kazi ya kukikamilisha kitana hicho ilichangia kuwapa John Hall na Theodor Hänsch Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2005. Mnara mmoja husimama katikati, vioo vya kurudishia huwekwa kuzunguka kwa umbali wa kilomita, na mwali hugeuka ukivipitia kimoja kimoja usiku na mchana. Ni mpango mzuri sana kwa nchi yenye visima vya mafuta vingi vinavyoonana, maana wenye visima hugawana gharama ya mnara mmoja. Kwetu ungefaa ikiwa jaa, machinjio na mabwawa ya majitaka vingekuwa vinaonana bila minazi wala nyumba katikati. Havionani.

Mirico ni ya Uingereza, imetokana na Maabara ya Rutherford Appleton. Wao hawapimi mwanga uliopungua. Wanapima jinsi mawimbi ya mwanga yanavyocheleweshwa kidogo na gesi yanapopita ndani yake. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini hapa kwetu ni kubwa. Kioo chochote kinachokaa nje Malindi hufunikwa na chumvi. Jaani kuna vumbi, na mara nyingi kuna moshi kwa sababu taka zinachomwa. Vyombo vinavyopima mwanga uliopungua hulinganisha rangi mbili jirani ili visichanganye vumbi na gesi, na hilo husaidia, ila mwanga ukififia mno namba huanza kuyumba. Njia ya ucheleweshaji huvumilia zaidi. Kama ningechaguliwa kuamua kwa ajili ya jaa, ningeanza mazungumzo na wenye njia hii.

QLM Technology, iliyoanzia Bristol, imetengeneza kamera ya leza isiyohitaji kioo cha kurudishia. Hurusha mwanga, husubiri chembe chache za mwanga zinazorudi kutoka ardhini au ukutani, tena huzihesabu moja moja, halafu huchora picha ya wingu la gesi na kukuambia liko umbali gani. Kwa kiwanda chenye mabomba mengi na vali nyingi hii ni tunu, kwa sababu inakuonyesha bomba lenyewe. Kwa jaa lililotandaa ambalo gesi inatoka kila mahali polepole, picha ya wingu inakusaidia kidogo kuliko jumla ya kilo.

Yupo pia Bridger Photonics wa Montana, anayepima kwa leza iliyofungwa chini ya ndege. Alianza mwaka 2006, hata kumwita kampuni changa sasa ni kumpunguzia. Sioni mtu wa kukodi ndege kwa ajili ya jaa letu, basi nasonga mbele.

Leza ya mkononi

Hiki ndicho chombo ninachokipenda na ambacho hakitangazwi vya kutosha. Ni leza ya rangi ile ile, ukubwa wa tochi nene au kamera ya video. Unailenga kwenye kifuniko cha mtambo au kwenye kiungo cha bomba ukiwa umesimama mita 10, 20, hata 30, mwanga unarudi kutoka kwenye ukuta au udongo ulio nyuma, na namba inaonekana hapo hapo. Inapenya kioo cha dirisha, kwa hiyo unaweza kupima ndani ya chumba cha jenereta kabla ya kufungua mlango. Hili si jambo dogo: methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua.

Udhaifu wake ni kwamba inakuambia wapi, haikuambii kilo ngapi. Juu ya maji yaliyotulia mwanga haurudi vizuri. Na bei yake ni maelfu ya dola, kwa hiyo kumshauri mfugaji mmoja ainunue peke yake ni kumwonea. Wafugaji 12 wenye mitambo wakichanga, au ushirika wa maziwa ukiinunua na kuwa na kijana mmoja aliyefundishwa kuitumia, hapo hesabu inakubali. Kumbusho moja: usiimulike machoni pa mtu, hata kama maandishi yanasema ni salama.

Kuna na kamera za infraredi zinazoonyesha gesi kama moshi mweusi unaopanda. Ni nzuri kwa macho na kwa kuwashawishi wakubwa, ila zile za kiwango cha viwanda huenda makumi ya maelfu ya dola, na jioni pasipo na tofauti ya joto kati ya gesi na kilicho nyuma yake hazioni kitu. Tuziache.

Setilaiti

Watu wa Malindi hawahitaji kufundishwa neno setilaiti. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano walirusha ya kwanza mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikapanda ile iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei. Kwa hiyo rafiki yangu wa jaani aliponiambia, "Si kuna setilaiti zinazopima bure? Leza ya nini?", aliuliza swali la mtu aliyekulia hapa, na linastahili jibu kamili.

Ndiyo, zipo za bure. Chombo cha TROPOMI, kilichomo katika setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P iliyorushwa Oktoba 2017, kinaipita dunia nzima karibu kila siku. Lakini nukta yake moja ya picha ina upana wa kilomita 5.5 kwa 7. Ndani ya nukta hiyo unaingia mji wetu karibu wote na kipande cha bahari. Na bahari kwa setilaiti za namna hii ni tatizo, kwa sababu maji humeza mwanga ule zinaoutegemea. Ongeza mawingu ya masika, na vidimbwi vya mikoko mlangoni mwa Sabaki, utabaki na siku chache za kutumainiwa.

Zipo zenye jicho kali zaidi. GHGSat ya Montreal huona vipande vya mita 25 hivi. Mwaka 2021 setilaiti zilikuta majaa mawili karibu na Madrid yakitoa kwa pamoja kilo 8,800 za methani kila saa, jambo lililowashangaza wengi kwa kuwa lilikuwa ndani ya Ulaya. Lakini ili setilaiti ya namna hii ione chanzo, chanzo hicho kinapaswa kutoa kilo kama 100 kwa saa au zaidi. Mtambo wa ami yangu, hata ukipasuka kifuniko, haufiki hapo.

Na kuna la kusikitisha ambalo halipaswi kusahauliwa. MethaneSAT, iliyorushwa Machi 2024 baada ya kazi ya miaka mingi ili takwimu zake zipatikane na kila mtu, ilipoteza mawasiliano Juni 2025, mwaka mmoja na miezi mitatu tu angani. Mradi uliojengwa juu ya jicho moja la mbali hufa siku jicho hilo likifumba.

Kihisi cha bei nafuu

Kwa shilingi mia kadhaa unapata kihisi kidogo chenye waya wa kupashwa moto, kile wanachokitumia wanafunzi. Nilinunua vitano mtandaoni kutoka kwa muuzaji mmoja, nikavifunga kuzunguka zizi la ami, nikawa na matumaini makubwa. Vilipiga kelele kila umande ulipoanguka. Vilipiga kelele mke wa ami alipofukiza udi. Baada ya miezi minne kila kimoja kilikuwa kinasema lake. Vihisi hivi huitikia mvuke, spiriti na moshi, na huzeeka upesi katika hewa ya chumvi. Niliwapotezea wenyeji wangu muda na bado linaniuma.

Lakini kama kengele ya jikoni, ya kuamsha watu gesi ikijaa chumbani, kihisi hicho kina kazi ya maana, na kila nyumba inayopikia bayogesi ingekuwa nacho. Kisitumike tu kuandika ripoti ya tabianchi.

Na kwa kutafuta tundu kwenye bomba, sabuni ya maji na brashi bado vinafanya kazi. Pakaa, angalia povu.

Pale ambapo hakuna cha kupima

Jibu la shemeji yangu lilikuwa fupi, na nadhani lilimvunja moyo kidogo kwa kuwa alitamani chombo. Mabwawa ya chumvi yenyewe hayatoi methani ya kumnunulia mtu leza; maji makali ya chumvi huwapa kazi ngumu vijidudu vinavyoitengeneza. Kinachotoa hewa ukaa pale ni pampu na jenereta na malori. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, haijalishi injini ni ya nani. Stakabadhi za mafuta za mwaka mzima na kikokotoo vinampa jibu sahihi kuliko kihisi chochote, kwa sababu hewa ya kawaida tayari ina hewa ukaa zaidi ya sehemu 420 kwa milioni na kuitofautisha ile ya jenereta lake na ile ya dunia nzima ni kazi ngumu. Fedha ya leza aitie kwenye pampu za jua.

Hali ni hiyo hiyo kwa wenye matanuri ya chokaa. Mawe ya chokaa kilo 100 yakiungua kikamilifu huacha chokaa kilo 56, na kilo 44 hupanda kama hewa ukaa, mbali na ile ya kuni. Hiyo ni kemia, na mizani ya kupimia mawe inatosha.

Basi nani achukue nini

Ami nimemwambia asinunue chochote cha leza peke yake. Ana sabuni, tumemfungia kengele jikoni na kwenye chumba cha jenereta, na nimezungumza na wafugaji wenzake kuhusu kuchanga leza ya mkononi. Wanane wamekubali. Wakifika 12 tutaagiza.

Kikundi cha jaani ndicho chenye haja ya kweli ya leza ya kudumu, ile ya mwali mrefu, na nimewaambia bila kusita. Sababu ni fedha na haki. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023 inataka mradi wa kaboni, yaani wa kupunguza gesi hizi na kuuza upungufu huo, ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano na wenyeji, nao wapewe sehemu ya mapato ya kila mwaka: angalau asilimia 40 kwa miradi inayotegemea ardhi na angalau 25 kwa isiyotegemea. Siku atakapokuja mwekezaji kuvuna gesi ya jaa, mapato yatahesabiwa kwa kilo. Kama kilo zimepimwa na yeye peke yake, vijana watagawiwa asilimia ya namba wasiyoweza kuihoji. Wakiwa na kipimo chao cha mwaka mmoja kabla yake, wanakaa mezani wakiwa na kitu mkononi.

Hawawezi kununua, na wasijaribu. Kwa chombo cha aina hii ni bora kulipia huduma, au kuomba mradi wa majaribio kupitia kaunti au chuo kikuu, maana chombo kikiharibika Malindi hakuna wa kukitengeneza, nami nasema hivyo nikiwa fundi. Tumeandika pamoja barua yenye maswali ya kuipeleka kwa kampuni zozote mbili zitakazokubali kujibu. Chombo chenu kinapima mwanga uliopungua au ucheleweshaji? Kiwango kidogo kabisa mnachokiona ni kilo ngapi kwa saa, na kwa upepo wa kasi gani? Nani atafuta chumvi kwenye kioo na mara ngapi kwa wiki, na je, mtawafundisha na kuwalipa vijana wa hapa kwa kazi hiyo? Kinatumia umeme kiasi gani, tukiwa na paneli za jua na mtandao wa simu tu? Takwimu zitakuwa mali ya nani, nasi tutapata zile ghafi au michoro tu? Kampuni ikifungwa, chombo kitaendelea kufanya kazi bila seva zenu?

Swali la takwimu katibu alilihamisha likawa la kwanza. Sikumpinga.

Wakati tunangoja majibu, tumesimamisha kipimo cha upepo juu ya nguzo ya mita sita upande wa kusini wa jaa, na msichana mmoja wa kikundi anaandika kasi na mwelekeo mara tatu kwa siku katika daftari: alfajiri, adhuhuri na baada ya alasiri. Kaskazi limeshaanza. Likiisha tutakuwa na msimu mmoja kamili, na tutajua mwali ukae wapi kabla chombo chenyewe hakijafika.